Sanduku la sarafu na stempu: Mtaji wa kesho au fedha iliyolala?

“MTAALAMU, wewe umesomea mambo ya uchumi. Hebu nitazamie hili sanduku, halafu uniambie kama hela ya mtoto niiweke humu au niiache ilipo.”

Maneno hayo niliambiwa Kilindoni, kisiwani Mafia, na mfanyabiashara mmoja wa nazi na dagaa ambaye jina lake nalihifadhi. Nilikuwa huko kwa kazi zetu za kawaida sisi wachumi wa kilimo, yaani kuuliza bei, kuhesabu mafungu na kuandika. Sikutegemea kuulizwa habari za sarafu za Mjerumani.

Sanduku lenyewe lilikuwa la bati, dogo, lenye kufuli. Ndani yake kulikuwa na sarafu kadhaa zilizofungwa kwenye kitambaa, noti za zamani na kitabu cha stempu. Lilikuwa limeletwa na dalali kutoka Dar es Salaam, ambaye alitaka shilingi milioni 1.8 na kuahidi kurudi Jumamosi kwa boti ya Nyamisati kuchukua jibu. Alimwambia mwenyeji wangu kuwa baada ya miaka 10 vitu hivyo vitauzwa Ulaya kwa mamilioni mengi, kwa kuwa “vya kale havishuki bei”.

Binti wa mwisho wa mfanyabiashara huyo yuko kidato cha kwanza. Baba amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo ili miaka sita ijayo, Mungu akijalia, asihangaike na ada ya chuo. Akiba hiyo ilikuwa imefika shilingi milioni 1.8 na laki moja hivi. Kwa maneno mengine, bei ya sanduku ilikuwa imekaribia mno hela ya mtoto, na nina wasiwasi kwamba dalali alikwishajua hivyo.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza inakuwaje makala ya kilimo na biashara kuzungumzia vitu vya kukusanya. Sababu ni kwamba biashara hii ipo, inafika hadi vijijini, na kwa kawaida mkulima hukutana nayo akiwa upande wa kupoteza. Ama anauza kwa bei ya kutupa kitu cha thamani kilichoachwa na babu yake, ama ananunua takataka kwa bei ya dhahabu.

Kwanza tuone kama kuna ukweli wowote katika maneno ya dalali. Upo. Nchini Marekani watu hukusanya kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa mchezo wa besiboli. Kadi ya mchezaji Honus Wagner, iliyokuwa ikitiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya mwaka 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola za Marekani milioni 7.25. Mwezi Agosti mwaka huo huo kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyotengenezwa na kampuni ya Topps, ilifikia dola milioni 12.6. Hicho ni kipande cha karatasi ngumu unachoweza kukificha ndani ya kiganja.

Lakini dalali hasimulii nusu ya pili. Kadi za Topps za mwaka 1952 zilipobaki ghalani bila wanunuzi, mwaka 1960 kampuni ilizipakia kwenye tishari na kwenda kuzimwaga baharini karibu na New York. Zilizonusurika ndizo zilizopanda bei. Wamarekani walipoona bei hizo, miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990 wakaanza kununua kadi mpya kwa maboksi na kuziweka kama akiba ya kuwasomeshea watoto. Viwanda navyo vikachapa mamilioni kwa mamilioni. Leo kadi nyingi za miaka hiyo hazifikii hata bei ya boksi lililozihifadhi, kwa sababu kila mtu alizitunza na hakuna aliyezikosa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa biashara yote ya vitu vya kukusanya. Uzee peke yake hauna bei. Kitu hupanda bei pale kinapokuwa kimebaki kichache, kikiwa halisi, kikiwa katika hali nzuri, na kukiwa na watu wengine wanaokitaka kwa dhati. Likikosekana moja, yaliyobaki hayasaidii. Tukiwa na hilo kichwani, mimi na mwenyeji wangu tulifungua sanduku usiku ule, tukaazima mizani ndogo ya sonara, sumaku na kioo cha kukuzia, tukaanza kupekua.

Rupia na tembo wa Tabora

Kitambaa kilikuwa na rupia 14 za Mjerumani. Hizi ni sarafu za fedha ambazo zilianza kutolewa mwaka 1890 na kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, zikiwa na sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi hiyo, na rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100. Pwani nzima wazee wanazifahamu, na wapo wanaochimba mashimo hadi leo wakiamini Mjerumani aliacha magunia yake chini ya mibuyu.

Rupia halisi ina uzito wa gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni takribani gramu 10.7. Hainaswi na sumaku. Ukingo wake ni nadhifu, hauna mshono. Kati ya zile 14, tano zilivutwa na sumaku mara moja, na tatu zilikuwa na gramu tisa na kitu huku mshono ukionekana pembeni, ishara kwamba zilimiminwa kwenye kalibu uchochoroni. Zikabaki sita.

Hata hizo sita, mtu fulani alikuwa amezisugua kwa limau na jivu mpaka zikang'aa kama kijiko kipya. Kwa mkusanyaji huo ni uharibifu. Sarafu ya zamani inatakiwa ibaki na rangi yake ya uzee, kwa sababu ukiisugua unaondoa ngozi ya juu na michoro midogo ambayo ndiyo inayotenganisha sarafu ya bei ya chini na ya bei ya juu. Ndugu zangu wa Mafia, Kilwa, Pangani na kwingineko, tafadhali acheni limau libaki kwenye samaki. Rupia iliyosuguliwa inabaki na thamani ya fedha iliyomo tu, au juu yake kidogo. Ichukue hiyo gramu 10.7, izidishe kwa bei ya gramu moja ya fedha kwa siku hiyo, hapo utakuwa na sakafu ya bei.

Kulikuwa na sarafu nyingine ya manjano ambayo dalali alisema peke yake inalipa sanduku zima. Ilikuwa na tembo aliyeinua mkonga, mlima nyuma yake, na mwaka 1916. Hii ni sarafu maarufu kweli kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizingirwa, wakakosa fedha kutoka kwao, wakatengeneza sarafu zao katika karakana ya reli mjini Tabora kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitengenezwa kama 16,000 tu za rupia 15. Mkusanyaji yeyote wa sarafu za Afrika huitamani, na ndiyo maana inaigizwa kila kona ya dunia. Halisi ina gramu 7.17, robo tatu ikiwa dhahabu. Ya kwetu ilikuwa na gramu 5.2. Tuliiweka pembeni bila kujadili zaidi. Dhahabu ni nzito, na kiini macho cha rangi hakiongezi uzito.

Zilikuwepo pia sarafu mbili za shaba zenye jina la East India Company, mwaka 1818 na picha za miungu ya Kihindu. Hizi msomaji azikimbie. Si fedha iliyowahi kutumika. Ni vipande vinavyotengenezwa kwa ajili ya mahekalu na watalii. Wapo matapeli wanaodai kuwa zinavuta mchele au kukata umeme wa tochi, na kwamba kuna Mzungu anayezitafuta kwa mabilioni. Kila anayesimulia habari za Mzungu huyo utakuta hajawahi kumwona.

Kuna sarafu ambazo hazikuwemo sandukuni, lakini lazima nizitaje kwa kuwa tuko Mafia. Kisimani Mafia na Kua, kwenye kisiwa cha Juani, ni miji ya kale, na ardhi na fukwe zake zinaweza kutoa visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa. Mtu asidanganyike kuvifanya biashara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvichimba, kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo hata kama vina thamani, kwako wewe si kitega uchumi. Ukivikuta, toa taarifa kwa idara inayohusika.

Noti sikuzichelewea. Nyingi zilikuwa za miaka ya 1980 na 1990, zimechakaa na kukunjwa. Itakumbukwa kuwa Benki Kuu ilitoa nafasi ya kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Baada ya hapo hazina nguvu ya malipo, na wengi waliochelewa sasa wanajifariji kwamba ni “za kukusanya”. Noti iliyochapwa kwa mamilioni na kuchakaa mikononi haina mnunuzi. Noti za kwanza za Benki Kuu za mwaka 1966, zikiwa safi kama zilivyotoka kiwandani, hizo zina watu wake. Ikiwa na mkunjo mmoja tu katikati, bei inashuka sana.

Jina la Mafia juu ya picha ya meli

Sasa tuje kwenye kitabu cha stempu, ambacho kwangu ndicho kilichokuwa na mvuto zaidi.

Kurasa za mwanzo zilijaa stempu kubwa za rangi za kupendeza za Tanzania za miaka ya 1980 na 1990: dainosaria, wanamuziki wa Marekani, magari moshi ya Ulaya. Nyingi zilikuwa na muhuri wa posta uliogongwa vizuri kwenye kona, lakini ukigeuza nyuma gundi bado iko vile vile. Maana yake ni kwamba hazikuwahi kubandikwa kwenye barua. Zilichapwa na kugongwa muhuri kwa ajili ya kuuzwa kwa wakusanyaji wa nje. Hizi ni ndugu za zile kadi za Marekani za maboksi. Ni nzuri kwa mtoto anayejifunza, na sina ubaya nazo, lakini mtu asiweke ada ya chuo humo.

Ukurasa wa mwisho ndio dalali aliouwekea karatasi laini. Ulikuwa na stempu nne za Kijerumani zenye picha ya meli, na juu ya kila moja limegongwa neno MAFIA.

Hapa naomba msomaji anivumilie nieleze historia kidogo, kwa sababu katika biashara hii historia ndiyo inayotengeneza bei. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza walihitaji mahali pa karibu pa kuishambulia, na mwezi Januari 1915 wakakiteka kisiwa cha Mafia. Kutoka hapa ndege zao ziliruka kuichungulia meli hiyo, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa. Wanajeshi waliokuwa kisiwani walihitaji kutuma barua, lakini hawakuwa na stempu za Kiingereza. Mwanzoni barua zilikwenda bila stempu. Baadaye wakachukua stempu za Kijerumani, zile zenye picha ya meli ya Kaiser iitwayo Hohenzollern, wakazigonga muhuri wa mkono wenye herufi G.R., yaani Mfalme George kwa Kilatini, na neno MAFIA. Zikafuata stempu za ushuru za Kijerumani zilizopewa muhuri wa aina hiyo hiyo ya kijeshi, kisha stempu za India zilizokuwa zimechapwa herufi I.E.F. kwa ajili ya jeshi la India, nazo zikagongwa maneno G.R. POST MAFIA. Mihuri ya baadaye ililetwa kutoka posta ya Unguja.

Basi, kisiwa hiki cha minazi, ambacho watu wengi bara hawajui hata kiko upande gani wa Kilwa, kina sehemu yake maalumu katika katalogi ya Stanley Gibbons ya London, kitabu ambacho wakusanyaji wa stempu hukitumia kama wakulima wanavyotumia bei ya mnada wa korosho. Bei zilizoandikwa humo huanzia makumi ya pauni na kufika maelfu. Mwenyeji wangu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Kumbe jina letu lina bei kuliko nazi zetu!”

Jina lina bei, ndiyo, endapo muhuri ni wa kweli. Na hapo ndipo penye mtego. Muhuri wa mkono ni mpira na wino tu. Mtu akipata stempu ya kawaida ya Kijerumani, ambayo haina bei kubwa, na akachonga mpira wake, ndani ya dakika moja ameongeza thamani mara mia kwenye karatasi. Ndiyo maana stempu za Mafia ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana, na hakuna mnunuzi makini anayezigusa bila cheti cha kamati ya wataalamu, kama ile ya Royal Philatelic Society London. Cheti nacho kinalipiwa.

Tulizitazama zile nne kwa kioo. Mbili zilikuwa na muhuri wa posta wa Kijerumani ulioandikwa DARESSALAM na mwaka 1912. Mwenyeji wangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, ndiye aliyeligundua kosa kabla yangu. “Ikiwa imekwishatumika Dar mwaka 1912,” akauliza, “Mwingereza wa 1915 aliigonga tena ya nini?” Swali la haki kabisa. Stempu iliyokwishatumika haitumiki mara ya pili, na mji wa Dar es Salaam wenyewe ulibaki mikononi mwa Wajerumani hadi Septemba 1916. Mtu aliokota stempu kuukuu akaibandika jina la Mafia. Zile mbili zilizobaki hazikuwa na kosa la wazi namna hiyo, lakini bila cheti siwezi kumshauri mtu anunue kwa zaidi ya bei ya stempu ya kawaida ya Kijerumani.

Kwa anayetaka kukusanya stempu za ukanda wetu kwa muda mrefu bila kuhatarisha mtaji mkubwa, zipo ambazo si rahisi kuharibikiwa nazo. Kuna za kwanza za Tanganyika za mwaka 1922 zenye kichwa cha twiga, hasa zile za thamani ya juu. Kuna za Afrika Mashariki na Uganda zilizochapwa herufi G.E.A. kuanzia mwaka 1917. Na kuna za Zanzibar zilizogongwa maneno JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi ya Januari 12 mwaka huo, wakati posta ilipochukua stempu za Sultani na kuzipiga muhuri. Tahadhari ni ile ile: zilizopigwa kwa mkono huigizwa. Mimi binafsi ningeanza na twiga, na ningenunua moja nzuri kila mwaka badala ya mia moja za ovyo kwa mkupuo.

Hesabu ya mkulima

Tuchukulie umepata kitu halisi, kizuri na adimu. Je, kinalipa? Hapa ndipo taaluma yangu inapoingilia, na hesabu yake si ngumu.

Umenunua stempu kwa shilingi 100,000, bei ya dukani. Siku ukitaka kuuza, mwenye duka hatakupa bei ya dukani. Naye anataka kula. Mara nyingi atakupa nusu, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo kabla hujapata faida hata ya senti moja, bei ya dukani ya stempu hiyo inabidi ipande maradufu. Ongeza na kupanda kwa gharama za maisha. Tukisema ni asilimia 4 kwa mwaka, basi baada ya miaka 10 unahitaji kama shilingi 148,000 mkononi ili uwe na uwezo ule ule wa kununua uliokuwa nao siku ya kwanza. Ili dukani upewe 148,000, stempu yenyewe lazima iwe inauzwa 296,000. Yaani bei yake ipande kwa takribani asilimia 11.5 kila mwaka, miaka 10 mfululizo, na wewe bado hujafaidi kitu. Umerudi ulipoanzia tu.

Ukipeleka kwenye mnada wa ng'ambo utaepuka mwenye duka, lakini utakutana na kamisheni ya mnada, gharama ya kutuma na bima, gharama ya cheti, na miezi ya kungoja. Kwa kitu cha thamani ndogo gharama hizo zinakimeza chote.

Halafu kuna jambo ambalo mkulima analielewa kuliko mtu wa mjini. Mnazi wetu mrefu wa pwani ukipandwa leo utakungojesha miaka sita au saba, lakini ukianza kuzaa utakupa nazi mwaka hadi mwaka, na utamrithisha mjukuu. Ng'ombe atatoa maziwa na ndama. Hati fungani ya serikali, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuingia kwa kuanzia shilingi milioni 1, hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mifuko ya pamoja ya UTT hupokea hata fedha ndogo. Stempu hukaa kimya ndani ya kitabu, haizai, haitoi maziwa, na siku mtoto akiugua usiku hakuna duka Kilindoni litakalokubadilishia dawa kwa picha ya twiga.

Nayo ina chonga wake, kama mnazi. Hewa ya Mafia ni ya chumvi na unyevu. Karatasi huota madoa ya rangi ya kahawia, mchwa na mende hawajali katalogi, na plastiki ya bei rahisi ikipata joto hutoa jasho na kugandana na stempu. Anayeamua kukusanya hapa kisiwani aweke vitu vyake kwenye bati linaloziba vizuri, juu ya kabati na si sakafuni, kila stempu kwenye karatasi safi na kavu, na afungue kukagua kila baada ya wiki chache. Asibandike kwa gundi wala utepe. Asipitishe kitu chochote kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki. Hiyo ni kukizika.

Nisieleweke vibaya. Sisemi watu wasikusanye. Nina rupia mbili zangu mwenyewe na ninazipenda. Ninachosema ni kwamba fedha ya kununulia iwe ile ambayo hata ikipotea mtoto ataendelea kwenda shule na shamba litapaliliwa kwa wakati.

Kopo la bibi

Siku ya pili asubuhi mama mzazi wa mwenyeji wangu, bibi wa makamo ya juu mwenye macho makali bado, alitukuta ukumbini na vioo vyetu. Nikamwamkia, “Shikamoo bibi.” Akaitikia, “Marahaba mwanangu. Nimesikia usiku kucha mnahesabu vitu vya watu. Na vyangu hamvitazami?”

Akatoka na kopo kubwa la biskuti. Ndani yake kulikuwa na stakabadhi za mbata za marehemu mumewe, hati kadhaa, na bahasha kama 20 alizorithi kwa baba yake. Nilifurahi kwa muda wa nukta moja tu. Bahasha karibu zote zilikuwa na tundu la pembe nne kwenye kona ya juu kulia.

“Alikuja kijana mwaka juzi,” bibi akaeleza. “Akaniambia anataka vile vipicha tu, barua nibaki nazo. Akanipa shilingi elfu tano. Na mkasi alioukatia ni wangu mwenyewe.”

Msomaji, kama kuna jambo moja utakalolikata na kulihifadhi kutoka kwenye ukurasa huu, liwe hili: usikate stempu kutoka kwenye bahasha ya zamani. Kwa mkusanyaji, bahasha nzima yenye stempu, muhuri wa mahali ilikotoka, muhuri wa mahali ilikofika na jina la aliyeandikiwa ni ushahidi wa safari. Stempu ya kawaida kabisa inaweza kuwa na bei ndogo ikiwa peke yake, lakini ikiwa juu ya bahasha iliyopita kwenye posta ndogo kama ya Mafia, ambako barua zilikuwa chache, ikatafutwa. Na bahasha iliyosafiri ni ngumu zaidi kughushi kuliko stempu iliyolala peke yake, kwa kuwa mihuri yake yote inabidi ikubaliane. Hapa ndipo watu wa kisiwani wana nafasi kuliko mnunuzi wa New York au London. Hawahitaji kununua chochote. Mali ilikwishawafikia kwa posta miaka 80 au 100 iliyopita, iko ndani ya makopo na masanduku ya wazee, na kinachotakiwa ni kuizuia isiliwe na mchwa wala kukatwa na mkasi.

Bahasha moja ilikuwa imenusurika, kwa kuwa ilikunjwa ndani ya hati. Ilitoka Unguja mwaka 1938, ikiwa na stempu yenye picha ya Sultani Khalifa bin Harub, na nyuma yake kuna muhuri hafifu wa kuwasili Mafia. Stempu yenyewe si adimu. Bahasha nzima, safi, ikiwa na mihuri yote miwili, inaweza kumpatia mtu kitu kizuri, na mwenyeji wangu alianza kuchangamka.

“Haiuzwi,” bibi akasema.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bibi aliisoma kwa sauti, taratibu, bila miwani. Ilikuwa ya mjomba wa baba yake, akieleza minazi mingapi ya shamba la familia imekwenda kwa ndugu yupi na mpaka unaishia kwenye mwembe gani. Shamba hilo ndilo ambalo jirani amekuwa akilisogelea miaka mitatu sasa. Tarehe ya muhuri wa posta, niliyoisoma kwa kioo kile kile tulichokagulia rupia za bandia, inaonyesha barua iliandikwa lini, hata kama mtu atabisha mwandiko.

Jumamosi dalali alikuja. Mwenyeji wangu alimwonyesha sumaku, mizani na ile stempu ya 1912, bila kugombana. Wakakubaliana kwenye zile rupia sita tu, kwa bei ya uzito wake wa fedha na kidogo juu yake, zikalipwa kwa faida ya dagaa wa mwezi huo. Hela ya mtoto haikuguswa. Sanduku na vilivyobaki vikarudi Nyamisati.

Kuhusu ile barua, tuliipiga picha pande zote mbili, tukaifunga ndani ya karatasi safi pamoja na bahasha yake, na bibi akairudisha kwenye kopo. Picha hizo mwanawe alisema angezipeleka kwenye baraza la kata wiki iliyofuata, bahasha yenyewe akiwa nayo mfukoni iwapo wataitaka kuiona kwa macho.